Meza Isiyo na Mlaji

Katika mji ule hapakuwa na mtu aliyeketi. Mtoto alizaliwa amelala kama watoto wote wa dunia, akatambaa, akasimama dede, na tangu siku ile ya dede hakukaa tena. Wagonjwa waliegemea kuta. Vikongwe waliegemea wagonjwa. Waliokufa walizikwa wima, katika makaburi ya mviringo yenye kina cha visima, ili siku ya parapanda Bwana asiwakute wamestarehe. Na jua lenyewe, kana kwamba nalo liliona haya kutua mbele ya watu wenye bidii namna ile, lilisimama pale pale pa saa kumi alasiri, mwaka nenda mwaka rudi, likimwaga mwanga wa rangi ya chai iliyopoa.

Basi katika mji ule, ndani ya Nyumba ya Huduma, alikuwako mbebaji aliyeitwa Kanaeli.

Sifa ya Kanaeli ilikuwa mikono. Alitoa sufuria jikoni ikitokota, bila kitambaa, akaivusha ukumbi mzima hadi mwisho wa meza, na mvuke ukimpiga usoni asipepese. Hapo mwanzo iliuma. Baadaye ngozi ikawa nene, kisha kuhisi kukaondoka vidoleni, kukamwacha kama mgeni aondokaye bila kuaga. Ganzi ikapanda. Ikashika kiganja, ikashika kiwiko, ikashika bega. Kanaeli alingoja siku itakapofika moyoni, na alipoona miaka inapita asihisi imefika, alielewa kwamba ilikwisha fika zamani, na kwamba ndiyo maana hakuihisi. Yeye aliita hali ile amani. Msimamizi wa Nyumba, Zebedayo, aliiita utakatifu. Mpishi, Mama Apaisaria, aliiita ugonjwa, lakini nani humsikiliza mpishi?

Ukumbi ulikuwa na meza moja ndefu, ndefu hata mtu wa mwisho huu asingemtambua nduguye wa mwisho ule. Viti vilipangwa pande zote mbili, vimefutwa, vinang'aa. Na nyuma ya kila kiti alisimama mhudumu mwenye aproni. Zebedayo alipopiga kipande cha reli kilichoning'inia barazani kama kengele, wahudumu waliinama pamoja, wakaweka ugali mbele ya kiti kitupu, wakaweka maharage, wakaweka mchicha, wakarudi nyuma hatua moja na kuimba:

*Sisi ndio watumishi, kiti hatukitamani,*
*Hata njaa haitishi, ikikaza matumboni,*
*Tunapika hatubishi, mizigo i mabegani,*
*Atakayeketi nani, na sote tu wahudumu?*

Waliliimba swali lile kwa sauti nne, tamu ya kutoa machozi, na hakuna aliyelisikia. Wimbo ukiisha, chakula kiliondolewa na kumwagwa shimoni nyuma ya ua. Kunguru wa mji ule walikuwa wanene hata hawawezi kuruka. Walitembea.

Viti havikuwa vitupu tangu mwanzo. Watu wa kale walisema, na Kanaeli aliyasikia maneno yao kama mtu anavyosikia mvua akiwa usingizini, kwamba meza ile ilichongwa kwa ajili ya wenye njaa. Walikuja wajane, vipofu, wachovu wa njia, watu waliotoka vitani na waliokuwa wakienda. Waliketi wakala. Waliowahudumia walifanya hivyo kwa sababu Bwana wao mwenyewe alipata kujifunga kitambaa kiunoni akapiga magoti mbele ya miguu yenye vumbi, na mtu akishaona jambo kama hilo hawezi tena kulala ameshiba peke yake. Ilianza hivyo, kwa upendo, na mimi sina la kuucheka upendo ule.

Lakini ukisimama nyuma ya mtu anayekula, unauona utosi wake. Jambo dogo hilo. Unauona utosi, unaona shingo ilivyoinama kwenye sahani, unaona jinsi anavyomeza haraka kwa aibu ya njaa yake, na wewe uko juu, umenyooka, unanukia sabuni, na mkono wako ndio wenye upawa. Nani kati yenu bwana na nani mtumwa? Aliyeketi huliona hilo upesi kuliko aliyesimama. Siku moja kiwete aliyekuwa akila pale alisukuma sahani akasema, "Nami nipeni aproni. Kwa nini heshima yote iwe yenu?" Wakampigia makofi, wakamfunga aproni, wakamwegemeza ukutani. Kesho yake wakainuka vipofu. Kisha wajane. Mwisho akabaki kikongwe mmoja aliyekuwa bado anatafuna, wakamwinua kwa nyimbo, tonge likiwa shavuni, wakamwambia, "Mama, usidhulumiwe thawabu yako."

Na hivyo wakawa watumishi wote. Wakasalimiana, "Bwana asifiwe, mtumishi," wakaitikiana, "Amina, mtumishi," na majina yao ya nyumbani yakachakaa kwa kukosa kutumika. Kanaeli aliwahi kupita mbele ya sufuria iliyosuguliwa, akaona ndani yake mtu mwenye aproni, akamwinamia kwa adabu na kumwambia, "Bwana asifiwe, mtumishi." Alikwenda mbali kabla ya kushtuka.

Ukiacha mpishi, aliyemwita kwa jina alikuwa mmoja. Dada yake, Fibi.

Fibi alisimama mlangoni pa ukumbi na birika la maji ya vuguvugu, beseni chini ya mkono na taulo begani. Kazi yake ilikuwa kunawisha wageni. Hapakuwa na wageni. Reli ilipolia, Fibi aliinama kidogo, akasema kwa upole, "Karibu, unawe," akamimina maji juu ya mikono isiyokuwepo, akangoja kadiri mikono ile ingehitaji, akalivusha taulo hewani. Wakati mwingine Kanaeli akipita alimwona ni msichana mwenye nywele zilizofungwa mafundo kama vitunguu, kama alivyokuwa alipomlea yeye Kanaeli baada ya mama yao kufa. Akirudi na sufuria tupu, alimkuta amekuwa bibi wa mvi. Akipita tena, msichana. Umri ulimpitia Fibi kama upepo unavyopitia pazia, ukiingia na kutoka. Lakini siku hii ninayoisimulia, kila alipopita alimkuta ni kitu kile kile. Mifupa, na birika linalotetemeka.

Kanaeli alisimama jikoni akingoja sufuria.

"Dada yako amekula lini?" Mama Apaisaria aliuliza, bila kugeuka, akisonga.

"Si anakula kama sote."

"Sote tunakulaje, we Kanaeli?" Mpishi aliangua kicheko kikavu. "Sema, hapa hakuna kwaya. Nyuma ya mlango! Domo ukutani kama mjusi, mtu anabwia kiporo huku anachungulia. Msimamizi wako naye, jana nilimwona na punje ya harage kwenye ndevu. Nikamwambia, mtumishi, una mdudu hapo. Akamla."

Kanaeli hakucheka. Alikuwa mmoja wa mijusi ile. Wote walikuwa, na kila mmoja alidhani aibu ile ni yake peke yake.

"Shida ya dada yako," mpishi alisema, na sasa aligeuka, mwiko mkononi, "ni kwamba anaamini. Sisi wengine tunashika desturi tu. Yeye hana mlango wa kujificha nyuma yake, mwanangu. Tangu mwezi uliopita hakijapita kitu kinywani mwake ila mate. Leo nimempelekea maji ya birika, nikamshika mkono, nikasema huu si mkono, huu ni ufagio. Atakufa, Kanaeli. Unanisikia, au ganzi imeshafika masikioni?"

Alisikia. Alisikia kama mtu aliye chini ya maji anavyosikia jina lake likiitwa ufukoni. Alichukua kiazi kilichochemshwa, akakificha ndani ya aproni, akaenda mlangoni.

"Dada."

"Bwana asifiwe, Kanaeli."

"Kula."

Fibi alikitazama kiazi kile kama mtu anayeonyeshwa picha ya nchi asiyoijua. "Cha nani hiki?"

"Chako."

"Hapana. Mimi ndiye ninayetoa." Alisema bila ukali, kama mtu anayemwelekeza mpita njia. "Nikipokea, nitakuwa nani? Maisha yangu yote nimekuwa mkono ulionyooshwa. Ukiukunja mkono huo, Kanaeli, unabaki na ngumi."

"Utakufa."

"Wengi wamekufa."

"Kwa ajili yangu basi. Pokea kwa ajili yangu."

Hapo kitu kiliupita uso wa Fibi, labda uchovu. "Ungekuwa na njaa wewe," alisema, "ningekuja kwa magoti. Lakini wewe huna njaa. Hujapata kuniomba kitu tangu uote ndevu. Basi rudisha."

Hilo lilikuwa kweli, na Kanaeli alijivunia. Alikuwa mtu asiyedaiwa shukrani na kiumbe yeyote. Alikuwa ametoa, ametoa, ametoa, hata hakuna aliyeweza kumtazama bila kuinamisha macho. Na nani alisema unyenyekevu hauna meno?

Zebedayo alitokea nyuma yao akiwa na ufito mrefu. Alikuwa mtu msafi, mwenye sauti ya mafuta, na aliwapenda watu wake kwa dhati, hilo lisemwe. Aliuegesha ufito mgongoni pa Fibi, akaweka alama ya mkaa usawa wa utosi.

"Dada yetu anakaribia kukamilika," alimwambia Kanaeli, machozi yakimlengalenga. "Nyumba nzima haijapata mtu aliyefika mbali hivi. Nakuonea wivu, mtumishi, kuwa ndugu wa damu. Usipinde magoti, mama, utatuharibia kipimo. Ehe. Wachimbaji wanangoja."

"Anahitaji chakula," Kanaeli alisema.

"Chakula kipo. Kiko mezani. Atakayemkaribisha mezani ni nani, na yeye akubali aitwe mgeni?" Zebedayo aliweka mkono begani kwa Kanaeli, na Kanaeli aliuona mkono ule begani bila kuuhisi. "Usimpokonye taji yake kwa kiazi."

Akaenda zake barazani, akapiga reli.

Kanaeli alibeba sufuria. Miguu yake iliijua njia. Alipita nyuma ya migongo yenye mafundo ya aproni, yote yamefungwa namna moja, na kwa kitambo hakujua yeye ni yupi kati yao. Angeweza kuwa yule wa kulia, au yule aliyekuwa akikohoa, au aliyekufa mwaka ule wa nzige na nafasi yake ikajazwa. Nani hubeba? Mikono hubeba. Mikono ni ya nani? Ya Bwana. Na mdomo? Mdomo ni wa nani? Mbona hatujaukabidhi mdomo kwa yeyote? Tumempa mikono, tumempa miguu, tumempa mgongo, mdomo tumeuficha nyuma ya mlango. Je, tunamwogopa kiasi hicho, kwamba atatuona tuna haja?

Aliinama kuweka ugali mbele ya kiti kitupu. Ugali ulifuka moshi. Mlangoni, Fibi alisema, "Karibu, unawe," na sauti haikumaliza neno.

Hakuwaza lolote kubwa. Laiti ningeweza kuwaambia kwamba mbingu zilifunguka. Alishika kiti tu, akakivuta.

Kiti kililia sakafuni. Wahudumu waliokuwa wakivuta pumzi ya kuanza wimbo walibaki nayo vifuani. Kanaeli aliyakunja magoti yake, na magoti, ambayo hayakuwa yamekunjwa kwa ajili yake mwenyewe tangu dede, yalialika kama kuni kavu motoni. Akaketi.

Dunia ilipanda. Kila kitu kikawa juu yake. Aliona matumbo ya watu, mafundo ya mishipi, chini ya videvu, matundu ya pua. Aliona, kwa mara ya kwanza, ukubwa wa aliyesimama. Hivi ndivyo walivyotuona wajane. Hivi ndivyo. Na utosini pake alihisi, au alijua kwa kuwa kuhisi hakuwezi, macho ya ukumbi mzima yakitua kama nzi.

"Mtumishi," Zebedayo alisema taratibu, "umeteleza?"

"Sikuteleza."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi inuka. Unaaibisha meza."

"Meza ndiyo kwanza inapata mtu, msimamizi."

Sauti zikaanza, chini chini, kisha juu. "Ameketi! Ameketi kama mtoto mchanga!" "Alijidai chuma huyu, leo tumeona kutu." "Mvueni aproni, asiichafue." Mkono wa mtu ulikata fundo mgongoni pake, na aproni ikaondoka naye asijue ni nani aliyeichukua. Hakugeuka. Fahari yake yote ya miaka yote ilikuwa imefungwa katika lile fundo. Alingoja uchungu, haukuja. Uliokuja ulikuwa ubaridi kidogo pale nguo ilipokuwa.

Zebedayo aliinama karibu. "Utabaki hapo, Kanaeli. Unajua? Aliyeketi hapewi tena cha kubeba. Watu watapita na sahani wakikutazama, na watoto watakuuliza wewe ni wa nini. Utakuwa mdomo mtupu."

"Najua."

"Kwa ajili ya nini?"

Kanaeli hakumjibu yeye. Alipaza sauti, na neno alilolisema halikuwa limesikika ndani ya kuta zile tangu enzi za vipofu.

"Dada Fibi! Nina njaa."

Hata kunguru, nje, waliacha kutembea.

"Nina njaa, dada. Sijanawa. Nisaidie."

Mlangoni, Fibi aliinua kichwa. Halikuwa jambo la kuamua. Mkono ulionyooshwa hauulizi. Alianza kuja. Alikuja kwa kuburuta miguu, birika likigonga beseni, akipita kati ya wahudumu ambao walimpisha kwa sababu hawakuwa na kanuni ya kumzuia mtu anayehudumu. Alifika. Alisimama kando ya mdogo wake, amekonda hata taulo begani lilionekana mzigo.

"Karibu, unawe," alisema.

Na safari hii maji yalipata mikono. Yalianguka juu ya viganja vyake vigumu, yakaingia katikati ya vidole, yakatoa sauti, sauti ya maji juu ya nyama, ambayo Fibi alikuwa ameisahau. Kanaeli hakuyahisi kama ni ya moto au baridi. Alimtazama dada yake akiyatazama. Alipokwisha kunawa, alilichukua birika mikononi mwa Fibi.

"Lete yako."

"Mimi sinawi. Mimi nanawisha."

"Kwetu," Kanaeli alisema, na ulimi ulikuwa mzito, kama unaokota maneno kutoka chini ya majivu, "kwa mama, mgeni alikuwa haachwi kula peke yake. Unakumbuka? Hata kama wenyeji wameshiba. Mama alikuwa anakaa chini, anamega naye, ili mgeni asione haya ya njaa yake. Alisema kumtazama mtu akila ni kumwibia."

Fibi aliyatazama maji ndani ya beseni.

"Mimi ni mgeni wako, dada. Wa kwanza kwa miaka mingi. Utaniacha nile hivi, wote hawa wakinitazama utosini?"

"Hiyo si desturi ya Nyumba hii," Zebedayo alisema. Lakini alilisema kwa sauti ya mtu aliyelipata tonge la kale mdomoni mwake mwenyewe. Bila shaka naye alikuwa na mama.

"Unanitega, Kanaeli," Fibi alisema.

"Ndiyo."

"Tangu utoto wako ulikuwa mjanja wa chakula."

"Ndiyo, dada."

Fibi alisimama kwa muda ambao katika mji ule hauwezi kupimwa, kwa kuwa jua halikusogea. Nyuso mbili zilipishana usoni pake, ya msichana na ya bibi, ya bibi na ya msichana. Alimwangalia Zebedayo aliyeshika ufito wenye alama yake. Aliangalia safu ya viti. Kisha akanyoosha mikono juu ya beseni, viganja vikitazama chini, kama mtu anayekaribia kutia sahihi jambo asilolipenda, na Kanaeli akammiminia. Akamvutia kiti. Alimsaidia magoti, moja, halafu jingine.

Walikula. Hapakuwa na nuru wala malaika. Kanaeli alimega tonge na hakulisikia joto. Alitafuna kama anatafuna kazi ya mtu mwingine. Fibi alimega dogo, kama punje, akalichovya kwenye maharage, akaliweka ulimini akafumba macho. Koo lake lilikataa. Likakataa tena. Mtu mmoja nyuma alianza kuimba ili kufunika aibu ile, akaona anaimba peke yake, akaacha.

Likapita.

Akamega lingine.

Kanaeli alimtazama shingo, ule mfupa ukipanda na kushuka, na alingoja moyoni mwake kuwe na kitu, furaha, au machozi, chochote. Kulikuwa kimya. Alisema moyoni: basi iwe hivyo, apendaye si lazima ahisi. Akaendelea kutafuna ili asimwache peke yake.

Fibi alifumbua macho. Alikunja uso.

"Maharage haya," alisema, "chumvi yake ni kidogo."

Ukumbi wote ulimsikia. Miaka yote ile chakula kilipikwa, kikabebwa, kikaimbiwa, kikamwagwa, na wao wenyewe walibwia gizani pasipo kuuliza ladha. Hakuna aliyewahi kukaa nacho mpaka akakilalamikia.

Fibi alishika ukingo wa meza ili ainuke akalete. Mwili ulijua kazi yake. Alikuwa ameshainua kisigino.

"Kaa," Kanaeli alisema.

"Nani ataleta?"

Zebedayo alitazama chini. Wahudumu walitazamana, aproni kwa aproni. Kisha mlango wa jikoni ukasukumwa kwa nyonga, na Mama Apaisaria akaja akitembea upesi kwa hasira, mkono mmoja umefumba kitu.

"Kidogo!" alisema. "Ninyi watu! Mngeniambia lini? Nitajuaje, mimi, kama hakuna mtu anayekula?"

Akafumbua mkono juu ya meza, mbele ya Fibi. Chumvi ya mawe, chafu chafu, ya kijivu.

Fibi aliitazama. Hakusema yeye ni nani, wala hakuuliza ni ya nani. Alinyoosha mkono, kiganja kikitazama juu, akapokea.